Ukitaka kuishi kwa kuandika chakula, mvinyo na safari, chagua eneo moja ulijue

Vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi hii karibu wote huniomba kitu kimoja: "Dada, niunganishe na mhariri." Mawasiliano ya mhariri nitakupa, wala si siri. Lakini ukimwandikia "naomba kuandika kuhusu vyakula vya Zanzibar" hatakujibu. Vyakula vya Zanzibar vimeandikwa na kila mgeni aliyepita Forodhani jioni akala pweza na urojo. Mhariri anamtafuta mtu anayejua jambo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulipata akiwa ofisini, na jambo la namna hiyo hulipati kwa kuzunguka nchi nzima. Unalipata kwa kurudi palepale mpaka watu wakuzoee.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, lakini eneo lililonilisha kwenye kazi hii ni Dodoma na zabibu zake. Niliichagua kwa sababu waandishi wengi wa safari waliipita wakikimbilia mbuga na fukwe. Nieleze kidogo, maana hapo ndipo utaona kazi yenyewe inavyokwenda.

Ufaransa, au Stellenbosch kule Afrika Kusini, mzabibu hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa: akishakata matawi, mzunguko mpya unaanza, machipukizi, maua, vichala. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili, karibu Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza yanaangukia kwenye mvua. Zabibu zinajaa maji, sukari inapungua, magonjwa ya ukungu yanashambulia vichala. Mavuno ya pili yanakuja kiangazi, jua kali, udongo mkavu, na utamu unapanda.

Ukilielewa hilo, unazo makala nyingi mkononi. Mhariri wa kurasa za safari utampa wikiendi ya Dodoma wakati wa mavuno, hasa tangu treni ya SGR ilipoanza kufika huko mwaka 2024 na kumrahisishia safari mtu wa Dar es Salaam. Mhariri wa biashara utampa swali la soko: zabibu zikishaiva hazingoji, na mkulima asiye na mkataba na kiwanda ana siku chache tu kabla hazijaharibika, ndiyo maana wako wanaozikamua na kuuza mchuzi wa zabibu. Mhariri wa chakula na vinywaji utamweleza juu ya Makutupora, zabibu nyekundu iliyozoea ukame wa huko, na unavyotofautiana mvinyo wake na ule wa zabibu aina ya Chenin Blanc au Syrah uliotoka mkoa huohuo. Anayependa historia utamwandikia juu ya wamisionari Wakatoliki na mizabibu ya misheni ya Bihawana, karibu na mji wa Dodoma. Nauli umelipa moja. Kila makala ina watu wake wa kuhojiwa na swali lake, kwa hiyo humuuzii mtu yeyote maneno yaliyokwisha kutumika.

Pendekezo zuri kwa mhariri ni fupi. "Naomba kuandika kuhusu zabibu za Dodoma" halitoshi. Jaribu hivi: "Kwa nini mkulima wa Hombolo anavuna mara mbili kwa mwaka, na anayaamuaje mavuno ya mvua kama yanalipa gharama?" Hapo kuna mahali, mtu na swali, na mhariri anaona kabisa kwamba majibu hayawezi kupatikana kwa simu. Ongeza sentensi moja ya kueleza kwa nini wewe, na nyingine ya lini utakuwa huko.

Kuhusu mvinyo wenyewe, niseme jambo ninalolijali sana. Wasomaji wetu wengi hawanywi, wengi wao kwa sababu ya dini, na bado wanastahili makala nzuri juu ya kilimo kinacholisha maelfu ya watu. Waandikie na wao: shamba, nguzo na nyaya, kupogoa, bei. Unapofika kwenye ladha, achana na matunda ya Ulaya ambayo msomaji hajawahi kuyaona. Ukimwambia kwamba mvinyo huu mwekundu una ukakasi wa bibo, tunda la mkorosho, mtu wa Mtwara ameshauonja kabla hajafungua chupa. Wala usiidharau Dompo. Ni mvinyo mtamu ambao watu wengi nchini wanaujua kuliko chupa yoyote ya kigeni, na mwandishi anayeuruka kwa sababu ni wa bei nafuu anaruka habari yenyewe.

Vinywaji vyetu vingine vinadai uangalifu uleule. Tembo la mnazi la asubuhi ni tamu. Lilelile likifika jioni limeshakuwa kali, kwa sababu uchachu haupumziki. Basi andika saa uliyoonja. Ulanzi wa Iringa na Njombe hugemwa kwenye machipukizi ya mwanzi wakati wa mvua. Ukienda kiangazi utapata hadithi tu. Kalenda ya namna hii, yaani kipi kinapatikana wapi na mwezi gani, ndiyo mtaji wako. Weka daftari lake. Andika humo karafuu za Pemba zinapoanikwa, Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi Julai, upepo wa kaskazi na wa kusi unavyobadilisha samaki wanaofika mnadani, na masika, ambapo hoteli nyingi za pwani hufunga milango na picha zako zitatoka na mawingu.

Jikoni nako kuna adabu yake. Ukienda kuandika pilau ya mama wa Pangani, usiingie na kamera mbele. Piga hodi, salimia, shikamoo iwe shikamoo ya kweli, na upelekwe na mtu anayefahamika pale, hasa kama wewe ni mwanamume na jiko ni la wanawake. Beba mizani ndogo. Wapishi wetu wengi hupima kwa kiganja, na ukimuuliza "bizari nyembamba kiasi gani?" atakujibu "kiasi tu". Mwombe kila anachokishika akiweke kwanza kwenye mizani kabla hakijaingia chunguni. Ukifika nyumbani, pika mwenyewe. Mapishi ambayo hujayapika usiyachapishe, maana kuna msomaji atakayetumia kilo ya nyama yake kwa kukuamini. Na kama ni Ramadhani, nenda. Ndio mwezi wa maandalizi mazuri zaidi ya chakula pwani nzima. Ila fika alasiri, usimwombe mtu aliyefunga akuonyeshe namna ya kula.

Hoteli zitakualika ulale bure. Mimi hukubali mara chache, na nikikubali namweleza mhariri kabla sijaandika neno, na msomaji anaambiwa ndani ya makala. Mlo ninaoutathmini nalipa mwenyewe, na narudi siku nyingine bila taarifa. Wahenga walishasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa za bure zinamharibu mpishi, na zinamwibia msomaji anayesafiri kutoka Mbeya kwa akiba yake.

Sasa pesa. Kabla hujaanza kazi, upate kwa maandishi: malipo ni kiasi gani, kwa neno au kwa makala, yanalipwa makala ikikubaliwa au ikichapishwa, gharama za safari ni za nani, na ukiwa umeshamaliza kazi halafu wakaiacha, watakulipa sehemu gani. Hilo la kukubaliwa au kuchapishwa si dogo. Kuna jarida lililokaa na makala yangu ya safari msimu mzima, na mkataba ulisema malipo ni baada ya kuchapishwa, kwa hiyo sikuwa na la kudai. Tangu hapo naomba tarehe. Kama mlipaji yuko nje, uliza makato ya benki yatabebwa na nani.

Soma pia kifungu cha haki. Ukitoa haki ya kuchapisha mara ya kwanza, makala inabaki yako na baadaye unaweza kuiweka kwenye kitabu. Ukitoa haki zote, imekwenda, na bei inapaswa kulingana na hilo. Picha zako zina mkataba wake. Usikubali ziingizwe kimyakimya kwenye bei ya maneno. Tanzania, mteja wa hapa nchini anaweza kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ankara yako. Dai cheti cha makato hayo kila mara, kwa sababu mwisho wa mwaka TRA itakihesabu kama kodi uliyokwisha kulipa. Kuwa na TIN mapema. Kampuni nyingi hazilipi ankara isiyo nayo.

Na usiache kazi nyingine mwaka wa kwanza. Tafsiri, fundisha, hariri menyu za mikahawa. Mwandishi mwenye njaa hukubali mialiko asiyopaswa kukubali.

Kama unataka kuanza na mavuno ya Agosti, pendekezo limfikie mhariri wa gazeti kabla ya Juni kwisha. Majarida hupanga mapema zaidi, kwa hiyo safari ya mwaka huu huenda ukawauzia kwa msimu ujao. Mkulima mpigie wiki mbili kabla ya kusafiri, umuulize amepogoa lini, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo itakayokuambia ukate tiketi ya lini.