Kompyuta 4 watoto 60: usianzie kwenye kompyuta

Mkuu umeuliza una kompyuta 4, watoto 60 wa kidato cha tatu, fizikia yako na somo la kompyuta wamekubandika pia, uanzie wapi. Pole sana. Mimi hali hiyo nimeishi nayo miaka sita na kosa langu la mwanzo lilikuwa kuwapanga foleni, mtu anashika mausi, anaandika jina lake, anampisha mwenzake. Mwaka ukaisha wanajua kukoleza herufi tu.

Nikaamua kuunganisha vipindi. Tunaanzia maabara, kompyuta inakuja mwishoni mtoto akiwa na namba zake mwenyewe mkononi. Chukua pendulamu (kitu kidogo kinachobembea kwenye uzi), haina gharama, uzi na nati na saa ya simu basi. Makundi 10 ya watu 6, kila kundi lipime urefu tano hivi kuanzia sm 30 mpaka 90, bembea 20 (kwenda na kurudi ni moja) kila urefu. Kwa sm 50 bembea 20 ni kama sekunde 28 na nusu hivi. Halafu wanaingia kwenye mashine kwa zamu, makundi manne manne, wanatumia LibreOffice Calc, programu ya majedwali kama Excel, ni ya bure na haitaki intaneti, unaibeba kwenye flashi. Waweke urefu kwa mita, muda wa bembea moja (ule wa 20 gawa kwa 20) wauzidishe kwa huohuo, yaani muda mara muda, wachore grafu, jibu hilo likae wima na urefu ulale chini. Slopu, yaani mwinuko wa mstari, inakuja karibu na 4, chukua 39.5 (ni 4 mara pai mara pai) gawa kwa slopu unapata g, mchapuko wa mvutano wa dunia. (Umeme kwetu unakatika hovyo, kwahiyo data iandikwe kwa peni kwanza.)

Sasa shida kubwa siyo kompyuta, ni kupika data. Watoto wanajua jibu ni 9.8 basi wanarudi kinyumenyume mpaka namba zikae. Kuna mwaka makundi 9 yaliniletea 9.8 kavu, mstari umepita kwenye sifuri safi kabisa, nikawasifia mpaka basi. Kundi la mwisho, mabinti watupu, wamenywea, mwalimu sisi tumefeli. Slopu yao ilikuwa nzuri tu, ila mstari umekata mhimili wa urefu kwenye sm 2 badala ya sifuri. Nikawaambia rudini mkaangalie mlichopimia. Wakarudi mbio na rula ya mita, kichwa chake kimevunjika, inaanzia 2! Kila urefu walioandika umezidi sm 2, slopu haiharibiki ila mstari unahama. Na rula tulikuwa nayo hiyo moja tu shule nzima, makundi yote yameipitia, sasa wale 9 sifuri yao waliitoa wapi? Mimi mwenyewe nilikuwa sijaona kama imevunjika, aibu hiyo niliibeba.

Toka hapo nikabadilisha maksi. Kwenye 20, jibu la g lina 2 tu, 12 zinaenda kwenye daftari la data, ruksa kukata kwa mstari mmoja lakini kufuta hapana, zilizobaki ni kueleza kwanini namba zako zimekaa hivyo. Mwezi wa kwanza watanung'unika, wazoeshe hivyohivyo.

Ile rula ipo stoo mpaka leo, kila mwaka naigawa na wala sisemi kitu. Ukitaka ile shiti ya Calc nicheki inboksi nikutumie.