Jibu: Wahadhiri wamegoma, mwanangu arudi chuoni au abaki Malindi?

Salaam aleikum mama. Nimekuelewa: kijana yuko nyumbani Malindi, wahadhiri wamegoma kudai mishahara, na kule chuoni kodi ya chumba inaendelea kuhesabiwa.

Kwanza aingie kwenye tovuti ya chuo leo hii ahakikishe masomo yote ya muhula yamesajiliwa. Asisubiri mgomo uishe, maana siku hiyo kila mtu hukimbilia huko.

Mimi ni wa Lamu na mgomo wa 2025 ulinikuta nikisoma. Ulianza Septemba ukaisha Novemba, siku 49, wahadhiri wakidai Sh7.9 bilioni za makubaliano ya mishahara ya 2017-2021. Siwalaumu hata kidogo, ni jasho lao. Lakini tuliporudi tulibanwa vibaya: vipindi hadi Jumamosi, majaribio matatu wiki moja, mtu anakula mandazi mlangoni mwa darasa. Walioumia zaidi ni waliokaa nyumbani bila kufungua daftari. Basi asome sasa, aombe noti za waliomtangulia.

Pesa nazo. Mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya Kenya ya mikopo ya wanafunzi, haurefuki kwa kuwa muhula umerefuka, kwa hiyo kilichobaki kisiguswe. Ampigie mwenye nyumba mapema, amtumie tangazo la mgomo. Wangu alikubali nusu kodi, nikamalizia baadaye.

Kurudi, abaki kwanza. Chuo kikitoa kalenda mpya kwa maandishi ndipo akate tiketi ya basi. Uvumi wa WhatsApp umewapotezea wengi nauli.