Umepewa stoo ya eksibiti? Keti nikwambie

Wadogo zangu mliotoka chuo cha polisi Kiganjo juzi mkapangiwa Mombasa, najua mlifurahi mkaona bichi na madafu, sasa mtu amefika kituoni OCS, mkuu wa kituo, akamwambia wewe utashika stoo na uso ukamshuka. Mie nimeshika stoo za eksibiti, yaani vielelezo vya kesi, miaka kumi na moja, vituo vitatu, kimoja kisiwani na viwili bara, na nimestaafu na pensheni yangu nakula. Hiyo ya pensheni siisemi kwa kujigamba, wako wenzangu stoo iliwatoa kazini na si ati waliiba, waliandika vibaya tu.

Cha kwanza jua humo ndani mna mali za aina tatu na zote zimelala nyuma ya kufuli moja. Kuna eksibiti ya kesi, ina nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, na baadaye itapata nambari ya korti, hiyo humpi mtu kwa sababu amelia mbele ya kaunta. Kuna mali ya mahabusu, mshipi, simu, pesa, kamba za viatu, hiyo ni yake na akipata bondi anaichukua anaweka sahihi anaenda zake. Halafu kuna iliyookotwa, begi limesahauliwa kwenye feri Likoni, mkoba wa stesheni ya SGR pale Miritini, pikipiki imelala nyuma ya msikiti wiki mbili na hakuna anayeijua. Hii ya tatu ndo yatima. Haina mpelelezi wa kuiulizia wala wakili wa kuipigia kelele, kwa hivo ukiichanganya na zile nyingine imepotea, na wewe utaulizwa. (Zile mikokoteni na meza za wachuuzi zilizobebwa na kanjo, askari wa kaunti, msizipokee, wana yadi yao. Na mzee akija kuuliza pesa za marehemu babake zilizolala benki, hiyo si kazi ya polisi, mwelekeze UFAA, mamlaka ya mali za fedha zisizodaiwa.)

Sasa kuandika. Usiandike "mkufu wa dhahabu", wewe si sonara. Andika mkufu wa madini ya rangi ya manjano, urefu wake, kifungo kimevunjika au la. Manake ukiandika dhahabu na kumbe ni ya kuchovya, mwenyewe akija atasema umembadilishia, na kitabu kitakuwa kinamuunga mkono yeye. Simu vilevile, andika jina lililo juu yake, rangi, kioo kimepasuka kona gani, na kama inawaka bonyeza *#06# unakili IMEI, nambari ya utambulisho wa simu, zote mbili kama ni ya laini mbili. Pesa hesabu mbele ya aliyezileta na afande wa pili, andika noti kwa noti, za elfu ngapi, za mia tano ngapi, sarafu ngapi, kila mtu aweke sahihi. Usiandike jumla peke yake.

Na pesa usizilaze. Mwaka 2019 mnakumbuka Benki Kuu ilitangaza Madaraka Dei noti za zamani za elfu mwisho wake 30 Septemba, nchi nzima ikapiga foleni benki. Sisi katika kituo ambacho sikitaji tulikuwa na bahasha imeokotwa mwaka wa nyuma, elfu kumi na nne, zote noti za elfu, na mwenye stoo wakati huo alikuwa mie. Wallahi haikunijia akilini kabisa, nilibadilisha zangu, nikambadilishia na shangazi yangu wa Kisauni, bahasha ikabaki kwenye sefu. Novemba mwenyewe akaja, mama muuza viazi karai, na kitambulisho chake na maelezo sawasawa mpaka rangi ya lastiki. Nikampa bahasha. Akaihesabu akaniangalia. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Nililipa kidogo kidogo kutoka mfukoni na hakuna sheria iliyonilazimisha.

Ndo maana mie husema siku kitu kinaingia anza kufikiria kitatokaje. Hapa Mombasa hewa ya bahari haingoji karatasi zako. Pikipiki ukiiacha nje mwaka mmoja tanki imeshika kutu, mwaka wa pili cheni imekuwa mkate, na kabla ya hapo kabureta na betri zimeshatembea zenyewe usiku. Ikiingia leo ipige picha pande zote, nakili nambari ya chesi na ya injini kwa mkono wako usitegemee pleti manake pleti huvishwa, halafu omba NTSA, wale wanaosajili magari, wakupe jina la mwenye logibuku, hati ya umiliki. Hapo utakuta kizungumkuti chengine, jina ni la mtu aliyeiuza miaka minne iliyopita kwa mtu aliyemuuzia mwengine na hakuna aliyebadilisha jina. Usichoke, mpigie wa kwanza, atakwambia alimuuzia nani, fuata mnyororo. Pikipiki nyingi nilizorudisha zilirudi kwa simu tatu nne za namna hiyo, si kwa barua.

Asipopatikana mtu kabisa basi hapo unaandaa orodha, OCS anaipeleka kwa hakimu, inatangazwa ili mwenye haki ajitokeze, na muda ukiisha ndo mahakama inaamua, kuuzwa kwa mnada au kuharibiwa. Pesa za mnada ni za serikali, si za chai ya kituo. Na wewe wala binamu yako msionekane mkinunua hapo, hata kama ni baiskeli ya shilingi mia tano.

Eksibiti nazo hugeuka mayatima kwa sababu moja ya kipuuzi, kesi inaisha hakuna aliyeomba amri. Sheria ya mwenendo wa jinai, Sura ya 75, vifungu 177 na 178, inampa hakimu nguvu ya kusema mali hii arudishiwe fulani, lakini asipokumbushwa anafunga faili anasimama. Kwa hivo siku ya hukumu mfuate mwendesha mashtaka koridoni, mapema, umwambie eksibiti namba fulani tv na jenereta viko kwangu, tafadhali taja. Vitu vya kuoza usingoje hata hukumu, piga picha, ombeni korti ruhusa mapema. Tuliwahi kulaza magunia mawili ya ng'onda ya wizi miezi mitano. Hayakuoza, ni makavu, lakini mpaka leo nikifungua sanduku langu la kazi nasikia harufu ya papa.

Na uhamisho. Huu ndo mtego mkubwa wadogo zangu, signo, yaani ujumbe wa uhamisho, inakuja leo kesho uripoti Lamu au Wajir, anayekuja anataka kuingia na anayetoka ana gari linamngoja, OCS anasema wekeni sahihi muachane salama. Usiweke. Mie niliweka, Ijumaa moja mchana adhana inaita, rejista ikasema tv sita nikasaini sita. Jumatatu nikahesabu nne. Nilikaa miezi minane naandika maelezo juu ya tv ambazo sijawahi kuziona kwa macho, na yule aliyeniachia alikuwa hashiki simu. Tangu hapo nikipokea stoo nalala nayo siku mbili, kitu kwa kitu, lebo kwa OB, na kisichoonekana naandika kwa wino mwekundu "hakipo siku ya makabidhiano" na yeye anasaini hapo hapo. Wengine waliniita msumbufu, mmoja alinununia mwaka mzima.

Simu ya kuokotwa ikilia humo ndani, msiiache ilie, mwambie OCS, ipokee, andika OB saa ngapi umeongea na nani. Asilimia kubwa ni mwenyewe anajipigia, yuko Likoni ng'ambo na anatetemeka. Akija muulize picha ya mbele ya simu ni ya nani kabla hujaitoa mfukoni.