Vichocheo vya metali au vya chuma?

Swali: Mwalimu shikamoo. Natafsiri muhtasari wa utafiti wa kemia, unahusu kutoa haidrojeni kwenye maji kwa kutumia umeme wa jua. Nimeandika "kubuni vichocheo vya chuma", mwenzangu anasema vichocheo ni homoni za mwilini, niandike "vichapuzi". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Vichocheo viache hapohapo. Homoni ina jina lake tayari, haina haja ya kumnyang'anya mwingine. Kichapuzi nakielewa, kasi imo, ila chochea lina picha ambayo siko tayari kuipoteza hata kidogo. Mwangalie mama anayepikia kuni, moto umefifia, anasukuma kuni ndani ya mafiga na mara ndimi zinapanda, hajaongeza hata ukuni mmoja, kilichokuwa kinaungua taratibu sasa kinaungua haraka. Ndo kazi ya hicho kitu kwenye kemia, kinaharakisha afu chenyewe kinabaki kilivyokuwa. Na hapo chunga sana, maana watu wengi wanaandika "kichocheo hakitumiki", yaani kimekaa bure! Sema hakiliwi, au hakipungui.

Kosa lako kubwa liko kwenye chuma. Najua gereji kila kitu ni vyuma, na mtaani hatusumbuani, lakini kwenye mada hii chuma ni metali mojawapo kati ya nyingi na yenyewe imo kwenye mashindano. Bingwa wa kutoa haidrojeni ni platini, shida bei, na upande unaotoa oksijeni, kama maji yana asidi, wanategemea iridi ambayo ni adimu kweli kweli, kwa hiyo watafiti wamegeukia nikeli, kobalti na hicho chuma chenyewe, na nikeli ikichanganywa na chuma inatoa oksijeni vizuri tu kwenye maji yenye alkali, kinyume cha asidi. Sasa ukiandika vichocheo vya chuma, msomaji atajua platini na nikeli hazimo. Andika metali. Madini nayo usiyalete hapa: nikeli ya Kabanga kule Ngara ikiwa bado ardhini ndani ya mbale, yaani mawe yaliyoibeba, ni madini, ikishayeyushwa na kusafishwa ni metali. Na platini usiiite dhahabu nyeupe tafadhali, Kanda ya Ziwa watajua unaongelea pamba.

Kubuni si kosa, ila mimi ningeandika kusanifu. Hawa watu hawaokoti wazo tu, wanapima na kupanga uso wa metali uishike haidrojeni kiasi gani, maana ikiishika kwa nguvu mno haiachii ikatoka kama gesi, ikiishika kilegevu mno basi hakuna kinachofanyika, inatakiwa katikati pale, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo.

Halafu usije ukaandika "haidrojeni jadidifu", nimeshaiona mahali. Jadidifu ni kinachojirudia bila kuisha, na hapa ni jua na upepo, haidrojeni ni ileile, hivyo jadidifu ikae na nishati. Sentensi yako iwe hivi: kusanifu vichocheo vya metali kwa ajili ya kuzalisha haidrojeni kwa nishati jadidifu. Mwenzako akiuliza tena homoni mwonyeshe mafiga.