Paneli za zege za kiwandani: tazameni viungo kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama jengo lenu la ghorofa sita la nyumba za gharama nafuu livishwe paneli za zege zilizomwagwa kiwandani, badala ya kuta za nje za tofali. Mimi nasema ndiyo, mradi mchoro urudie paneli zilezile. Kalibu, yaani umbo linalomwagiwa zege, ndiyo inayokula fedha. Ikitoa paneli nyingi, gharama inagawanyika. Mkitaka kila dirisha liwe na umbo lake, unafuu wote umekwisha.

Pigeni hesabu ya uzito mapema. Paneli ya mita 3 kwa 3, unene sentimita 15, ina zaidi ya tani 3. Kreni itasimama wapi? Lori litaweza kukata kona ya mtaa wenu?

Kinachonisumbua zaidi ni viungo. Mvua haipenyi zege iliyoshindiliwa vizuri. Hupenya pale paneli mbili zinapokutana. Msitegemee gundi ya kuziba peke yake, maana jua huikausha ikapasuka. Mtakeni mhandisi achore kiungo chenye uwazi nyuma yake, ili maji yakiingia yashuke na kutoka nje. Vishikizo vinavyofunga paneli kwenye jengo viwe vya chuma kisichoshika kutu, vikaguliwe kimoja kimoja kabla ya kufunikwa.

London, mwaka 1968, kona nzima ya jengo la Ronan Point iliporomoka baada ya gesi kulipuka, watu 4 wakafa. Pale paneli ndizo zilizobeba jengo. Zenu ziwe vazi tu, mzigo wa jengo ubebwe na nguzo na mihimili.