Wati au mapigo ya moyo? Maswali ya wasomaji kuhusu baiskeli ya triathloni

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nimejiandikisha kwenye triathloni ya masafa ya kati: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Nafanya mazoezi kwa saa ya mkononi inayopima mapigo. Wenzangu wamefunga vipima wati, yaani vifaa vya kupima nguvu wanayokanyaga nayo, na wanasema mapigo yamepitwa na wakati. Kwenye vipande vya dakika 3 (kukanyaga kwa nguvu, kupumzika, kisha kurudia) nalenga mapigo 165, ila nikiyafikia kipande kimekwisha, na cha nne sikiwezi kabisa. Ninunue kipima wati?
Msomaji, Nyali, Mombasa

JIBU: Shida ya vipande vyako inaeleweka, na si uvivu wa miguu. Moyo huchelewa. Ukikanyaga kwa nguvu misuli inafanya kazi papo hapo, lakini mapigo huchukua dakika moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, kupanda hadi kiwango kinacholingana na kazi hiyo. Wewe ukiona 140 unazidisha nguvu ili 165 ije haraka, kwa hiyo nusu ya kwanza ya kila kipande unaikanyaga kupita uwezo wako. Kufikia cha nne miguu imekwisha. Kwa vipande vifupi kuliko dakika 5, achana na namba ya moyo. Chagua giya moja na mizunguko ya pedali ileile, tuseme 90 kwa dakika, na kipande cha kwanza kiwe na uzito ambao una hakika utaurudia cha mwisho.

Hata hivyo mapigo hayajapitwa na wakati. Wati zinakuambia kazi unayofanya. Mapigo yanakuambia kazi hiyo inaugharimu mwili kiasi gani. Chukua saa mbili za mwendo mwepesi kwa wati 150. Saa ya kwanza wastani wa mapigo ni 136, ya pili 147. Gawa wati kwa mapigo: 1.10, kisha 1.02. Uwiano huo umeshuka kwa zaidi ya asilimia 7. Makocha wengi huchukua asilimia 5 kuwa mpaka: ukiuvuka kwenye safari nyepesi, ama pumzi ya masafa marefu haijajengeka, ama hukunywa vya kutosha, ama joto limekuzidi. Kipima wati peke yake kingekuonyesha 150 na 150, usijue lolote.

Kama fedha ni ya kifaa kimoja, anza na mkanda wa kifuani. Ni nafuu mno kuliko kipima wati, na unasoma vizuri kuliko saa ya mkononi, ambayo husoma mapigo kwa mwanga wa taa ndogo, na mwanga huo huyumbishwa na mtikisiko wa barabara na kifundo cha mkono kilichokunjwa kwenye usukani. Lowesha vitambaa vya mkanda kwa maji kabla ya kuuvaa, la sivyo dakika za mwanzo utaona namba za ajabu.

SWALI: Nimefunga kipima wati kwenye mkono wa pedali wa kushoto. Kuna siku wati 200 ni laini, siku nyingine zinaniua. Na nitajuaje viwango vyangu?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Anza na kifaa. Ndani yake mna vihisi vinavyopima jinsi chuma kinavyojipinda, na chuma hubadilika na joto. Toa baiskeli nje, iache dakika 10 hadi 15 izoee hewa, simamisha mkono wa pedali ukielekea chini, usiguse pedali, kisha amuru kompyuta ya baiskeli irudishe sifuri. Fanya hivyo kabla ya kila safari. Ukitoka nyumbani alfajiri ya baridi na jua likawaka baadaye, rudia njiani.

Pia kipima cha upande mmoja hupima mguu wa kushoto na kuzidisha kwa mbili. Ikiwa kati ya wati 200 mguu huo unatoa 104, utasoma 208. Hilo halina madhara maadamu uwiano haubadiliki. Ukichoka huweza kubadilika. Kwa hiyo usilinganishe namba zako na za mwenzako. Linganisha na zako mwenyewe, kwa kifaa kilekile.

Kipimo: pasha mwili dakika 20, ukitia dakika 5 nzito katikati, pumzika dakika 10, kisha kanyaga dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzigawa sawasawa. Zidisha wastani kwa 0.95. Wastani wa 232 unakupa 220, yaani kizingiti chako, nguvu ya juu unayoweza kuishika kwa takriban saa moja, ambacho programu nyingi hukiandika FTP. Kosa la kawaida ni kuanza na 260 na kumaliza na 200. Kingine ni kupima ukiwa umekaa wima wakati mashindano utayafanya umelalia viwiko: kwa wengi mkao huo hupunguza wati, basi pima ndani yake.

Mwendo mwepesi uwe asilimia 56 hadi 75 ya kizingiti, yaani wati 123 hadi 165. Mara moja kwa wiki fanya vipande viwili vya dakika 20 kwa wati 195 hadi 205, pumziko dakika 5 katikati. Pima upya kila wiki sita hadi nane.

SWALI: Wati zangu zimepanda kutoka 200 hadi 220 lakini kasi ni karibu ileile. Kwa nini?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hewa. Kwenye tambarare ukivuka kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu inakwenda kuisukuma hewa, na gharama hiyo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo (mwendo × mwendo × mwendo). Kutoka 30 hadi 33 hewa peke yake inataka nguvu zaidi kwa asilimia 33. Wewe umeongeza 10. Shusha kichwa, bana viwiko, vaa jezi inayobana mwili. Hayo hayahitaji miezi ya mazoezi.

SWALI: Siku ya mashindano nifuate kipi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ukitoka majini mapigo yako juu kwa sababu ya kuogelea, kukimbilia baiskeli na msisimko. Dakika 15 za mwanzo yasikutishe. Tazama wati za wastani wa sekunde 30, maana za papo hapo zinarukaruka. Kwa kilomita 90 na kizingiti cha 220, shika 165 hadi 176. Mlimani usivuke 230 hata wakikupita kumi.

Baada ya kilomita 60 mpe moyo usukani, hasa ukishindana pwani. Namba za Nakuru zimepimwa juu milimani penye oksijeni haba, kwa hiyo Mombasa mapafu yatakuambia unaweza zaidi, lakini joto na unyevunyevu vitakula faida hiyo. Mapigo yakipanda 8 hadi 10 kwa wati zilezile, punguza wati 10, kunywa, jimwagie maji kichwani na mikononi, subiri dakika 5. Yakikataa kushuka, punguza 10 nyingine. Utapoteza dakika chache kwenye baiskeli. Ukikaidi, utazilipa maradufu kwenye kilomita 21 za kukimbia.