Nyama ya sokoni, nguruwe wa Tomondo na karafuu zilizoanguka: maswali yenu

Mwalimu, tumsifu Yesu Kristo. Nimehamia Unguja kutoka Songea, nimepanga Mwanakwerekwe. Nyama yote ya sokoni imechinjwa na Waislamu, na nyumbani mzee wetu alitukataza kuila. Natenda dhambi?

Milele amina, kaka yangu. Hutendi dhambi. Wakorintho waliishi kwenye mji ambao nyama nyingi ilikuwa imepita mbele ya sanamu kabla ya kufika sokoni, na hata hao Paulo aliwaambia wale kiuzwacho sokoni bila kuuliza-uliza, kwa kuwa dunia ni mali ya Bwana. Mchinjaji wako hana sanamu, amemtaja Mungu. Nunua, pika, shukuru. Tena fikiria hili: nyama hiyo ndiyo itakayomwezesha jirani yako Mwislamu kukaa mkekani kwako siku ya Krismasi akala bila wasiwasi. Ukiikataa, umejifungia mlango mwenyewe.

Nauza chapati na maharage hapa Jang'ombe. Mwezi wa Ramadhani nafunga kibanda mchana, mama mkwe wangu anasema namkana Kristo.

Dada yangu, mwambie mama kwa upole kwamba Kristo hakanwi kwa kufunika sufuria. Mtaani kwetu, kila Ramadhani, ikikaribia magharibi huja mtoto na bakuli la muhogo wa nazi au tambi, na haulizi kama tumefunga. Nasi bakuli hatulirudishi tupu. Watu wanaotutunza hivyo, kuwapitishia harufu ya maharage puani saa saba mchana si ushuhuda, ni kukosa adabu. Fungua baada ya alasiri, uza kaimati na chapati za futari. Wateja utawapata, na mwezi hautakulaza njaa.

Nina kiwanja Tomondo, nataka kufuga nguruwe. Biblia inaniruhusu, au sivyo?

Inakuruhusu. Lakini Tomondo nyumba zimebanana, na maji ya banda yatatiririka kwa mtu ambaye kwake huyo mnyama ni najisi. Paulo anasema ufalme wa Mungu si kula wala kunywa, bali haki na amani na furaha. Fuga kuku au mbuzi wa maziwa. Jirani huyohuyo atakuwa mnunuzi wako.

Mwalimu, mimi ni mjane, niko Wete, Pemba. Mume wangu ameniachia mikarafuu. Wachumaji wanataka kulipwa kila jioni kwa pishi (kipimo cha karafuu walizochuma), nami sipati fedha mpaka karafuu zikauke nizipeleke kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Halafu watoto wa jirani wanaingia kuokota zilizoanguka, nikawafukuza. Nimekosea?

Pole kwa msiba, dada. Swali lako nimekaa nalo siku tatu, kwa sababu hakuna zao linalomdai Mkristo wa visiwa hivi kama karafuu. Mashamba ya mwanzo yalikuzwa kwa jasho la watumwa. Soko walilouzwa watumwa, Mkunazini mjini Unguja, lilifungwa 1873, na pale leo limesimama kanisa. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, na mwaka huohuo Waquaker, Wakristo wa dhehebu la Marafiki, kutoka Uingereza walifika Pemba, wakaanzisha shamba Banani ili watu walioachwa huru wafanye kazi kwa ujira. Waliona kwamba kuhubiri uhuru bila kulipa mshahara ni maneno matupu. Kwa hiyo unaposimama chini ya mkarafuu na pishi mkononi, unajibu swali ambalo Wakristo wenzako walilijibu kisiwani humohumo.

Walawi 19 inasema ujira wa kibarua usikae kwako usiku hadi asubuhi. Najua fedha huna, na karafuu haisubiri. Ikichanua imepoteza thamani. Lakini yule aliyepanda juu, kwenye matawi yanayovunjika kirahisi vile, anakula alichopata leo. Usipomlipa jioni, umemkopa bila yeye kukubali kukukopesha. Basi ongea naye kabla hajapanda, mbele ya shahidi: kila jioni atapata fedha ya kutosha chakula cha nyumbani kwake, na salio siku mzigo utakapouzwa, kwa hesabu iliyoandikwa. Akikataa, ana haki. Hiyo fedha ya jioni ikope kwenye kikundi chenu cha hisa. Na usiwaite wachumaji kumi kama una fedha ya wanne.

Sasa watoto. Sura hiyohiyo, mistari michache kabla ya huo wa ujira, inamkataza mwenye shamba kuokota zabibu zilizoanguka. Ziachwe kwa maskini na mgeni. Zilizoanguka, dada! Nilipoisoma tena nikikumbuka mikarafuu, nilishtuka. Anayeingia kuvunja matawi ni mwizi, huyo mzuie. Anayeinama kuokota chini ana fungu lake, na fungu hilo hukumpa wewe, amepewa na Mungu. Nenda kwa wazazi wao, waambie waje mkishamaliza kuchuma mti, saa ambazo si za shule. Na kwa kuwa uliwafukuza, nenda wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Nafanya kazi jikoni katika hoteli, pwani ya Kiwengwa. Kila usiku tunamwaga chakula kingi kizima, na kijijini watu wanalala na njaa. Nifanye nini bila kupoteza kazi?

Mwanangu, Yesu aliwalisha watu elfu tano kisha akaagiza vipande vikusanywe, kisipotee chochote. Usibebe chakula kwa siri. Utaitwa mwizi na wenzako watabanwa. Kwa siku saba andika kinachomwagwa: wali sinia ngapi, mikate mingapi, matunda kiasi gani. Mpelekee mpishi mkuu daftari hilo, umwombe mambo mawili: kupika pungufu usiku, na kile ambacho hakijaguswa kipelekwe kwa sheha wa kijiji kikiwa bado cha moto. Akikubali moja tu, chukua hilo, la pili umwombe tena mwezi ujao.